Utulivu Mnaouuza ni Usingizi Wangu

Mimoun Aberkan, mwashi,
Chumba cha juu, Mtaa wa Cuesta del Horno,
Benalhara.

Kwa Mheshimiwa Meya,
Doña Purificación Galdeano,
Manispaa ya Benalhara.

Mheshimiwa Doña Purificación,

YAH: UTULIVU ULIOPITA KIASI, PAMOJA NA CHUMBA CHANGU

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na mumeo, na pia mama yako mzazi, ambaye nilimjengea bafu na mpaka leo akiniona sokoni huniambia, "Fundi, maji ya moto yako upande wa kushoto." Maji ya moto hukaa kushoto dunia nzima, lakini mwambie nitakuja.

Mimi unanifahamu. Kama jina limekutoka, ni yule Mmoro mwenye ndoo, kama mnavyotuita sisi Waislamu wa ng'ambo. Shule nilisoma mpaka mvua ilipoangusha paa la darasa letu kule Rif, ng'ambo ya bahari hii unayoiona kutoka dirishani mwako. Walipokuja kulijenga upya nilikuwa miongoni mwa wabeba mawe, si miongoni mwa wanafunzi. Kwa hiyo ukikuta humu sentensi imekuja na miguu yake kichwani, usihesabu kuwa ni dharau. Waliosoma husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hapa Benalhara nilipewa sepetu siku ileile niliyoshuka kwenye basi, kabla hata ya kuuliza choo kiko wapi. Tangu hapo nyumba nyingi mnazoziona zimeng'aa kule kilimani zimeng'aa kwa chokaa yangu, na mapafu yangu yameng'aa vivyo hivyo.

Shida yangu naitaja mapema ili usije ukaisahau katikati ya maneno. Polisi wako wa manispaa, Eladio, amenigongea mlango na kunieleza kuwa chumba ninachoishi hakifai tena kuwa makazi ya mtu, kwa sababu kinatoa kelele. Bila cheti cha makazi kutoka ofisini kwako, Bibi Frasquita, mwenye chumba, hawezi kuniuzia chumba hicho. Na bila chumba chenye cheti, mke wangu Yamina hapewi ruhusa ya kuja kuishi nami. Hiyo ndiyo shida. Yanayofuata ni malalamiko.

1. Kuhusu saa ya kuuza nyumba. Dalali Curro, ambaye ni shemeji yako na simsemi kwa ubaya, huwaleta wanunuzi wake wakati wa kiangazi, saa tisa alasiri. Wewe umezaliwa hapa, unajua saa tisa ya kiangazi ikoje. Maduka yamefungwa, mapazia yameshushwa, mbwa wamelala katikati ya barabara na magari yanawazunguka. Hata inzi wanatua. Basi Curro anasimama mtaani kwetu, anaweka mikono kifuani kama padri mbele ya altare, na kunong'ona, "Sikilizeni." Wazungu wa kaskazini wanasikiliza. "Mnasikia nini?" "Hatusikii kitu." "Basi hicho ndicho ninachouza." Nimemsikia kwa masikio yangu, nimelala kitandani, dirisha wazi. Wanatia saini, wanarudi kwao kufungasha, wanahamia. Jioni ya kwanza wanatoka nje kunywa divai na kutazama machweo, na hapo wanagundua kwamba mji haukuwa mtulivu. Ulikuwa umelala tu. Sasa umeamka, unakaanga samaki, unagombana juu ya mpira, na watoto wa mtaa mzima wanacheza mbele ya mlango wao mpaka usiku.

Hao watu, Mheshimiwa, siwalaumu. Ukimnunua punda amelala, huwezi kujua sauti yake. Wa kulaumiwa ni aliyemlaza.

2. Kuhusu nani anayetengeneza utulivu huo. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hili nimelitafakari nikiwa juu ya ngazi, na juu ya ngazi mtu hufikiri kwa makini. Saa tisa mji uko kimya kwa sababu gani? Kwa sababu sisi tumelala. Na tumelala kwa sababu gani? Kwa sababu tumeamka gizani, tumepandisha saruji mabegani kwenye ngazi ambazo hata nyumbu wa marehemu Don Hilario alizikataa, tumechuma nyanya ndani ya vibanda vya nailoni vinavyochemka kama sufuria, tumefua mashuka ya hoteli, tumevuta nyavu. Adhuhuri tunakula na kuanguka. Ule ukimya ni jasho letu limekaa chini. Ni kazi yetu, kama mkate ulivyo kazi ya mwokaji. Curro anauza usingizi wangu na hajawahi hata siku moja kuniuliza kama nimeota vizuri.

3. Kuhusu Bwana Wouter na Bi Annelies, Waholanzi wanaoishi chini yangu. Ni watu wema. Natanguliza hilo ili lisionekane nimelisahau.

Desturi ya hapa unaijua, lakini naieleza kwa faida ya karani wako mpya ambaye si wa kilimani. Mzee wa Benalhara akifa, nyumba haiuzwi wagawane. Inakatwa kama jibini. Huyu anapata jiko na ghala, yule anapata vyumba vya mbele, binti mdogo anapata chumba cha juu chenye ngazi yake ya nje. Kila kipande kina hati yake. Ndivyo mzee Cabello alivyofanya. Mwanawe wa kiume alipata nyumba yote ya chini, na Bibi Frasquita akapata chumba kimoja juu ya jiko, ndicho hiki alichonipangisha. Kaka akaiuza sehemu yake kwa Waholanzi kupitia Curro. Curro akawaonyesha nyumba akiwa barabarani, kwa kidole, akisema, "Hii yote." Kidole cha Curro hakijawahi kujua mpaka.

Siku walipohamia, Bwana Wouter alipanda ngazi ya nje na futi ya kupimia mkononi, akafungua mlango wangu, akanikuta nimevaa chupi nakaanga dagaa. Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye alisema kwa upole sana, "Samahani, Bwana, unaondoka lini?"

Nikamwambia, "Kwenda wapi?"

Tukatazamana. Nikampa dagaa. Akamla, akasema ni mtamu, akamla na wa pili, akashuka. Mimi nilidhani yamekwisha. Kwetu mtu akishakula chakula chako hawezi tena kukufukuza. Kwao, nimekuja kujua, mtu anaweza kula na kukufukuza kwa siku moja, na asione kwamba mambo hayo mawili yamegusana.

Tangu hapo wanakitaka chumba. Dirisha lake linatazama bahari, na wanasema wataweka humo mikeka ili wageni wao walale chali na kupumua. Kulala chali na kupumua, Mheshimiwa, mimi nafanya humo tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuniita mtaalamu.

4. Kuhusu kelele ninazodaiwa kutoa. Zimeandikwa na Bi Annelies kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nazijibu. Ya kwanza ni buti zangu alfajiri. Ni kweli. Kazi iko nje, na mimi niko ndani, lazima nitoke. Ya pili ni birika langu la kahawa, kwamba linapiga mluzi. Nimeshalikata mluzi kwa koleo. Ya tatu ni kikohozi. Hapo niliumia kidogo. Kikohozi hicho nilikipata kwenye bafu lao, nikipiga lipu dirisha likiwa limefungwa ili vumbi lisiende kwenye maua yao. Kwa haki kabisa, kikohozi hicho ni chao. Mimi ninakitunza tu.

5. Kuhusu Sheria ya Utulivu mliyoipitisha mwezi uliopita. Hakuna drili wala nyundo asubuhi, kwa sababu watu wanaamka polepole. Hakuna mchana, kwa sababu wanapumzika. Hakuna kiangazi chote, kwa sababu wamekuja likizo. Hakuna wiki ya Pasaka, kwa sababu ya Yesu. Nilipotoa mambo yote yanayokatazwa nilibakiwa na masika, siku za mvua, kabla ya chakula. Na ndani ya upenyo huo kila mtu anataka ukuta wake uvunjwe. Bwana Wouter mwenyewe alinipa kazi ya kuvunja ukuta wa ghala akaniomba niuvunje kimya kimya. Nilifunga taulo kwenye nyundo. Niliupiga ukuta ule asubuhi nzima, na ukasimama unanitazama. Mchana Bwana Wouter alikuja, akasikia hakuna sauti, akasema, "Safi sana, Mimoun!" Kisha akaona hakuna shimo.

7. (Ya sita nimeifuta. Bibi Frasquita aliisoma akasema yaliyomo ni kweli lakini mama wa mtu hatajwi kwenye barua ya serikali.)

Kuhusu viti. Kila jioni wabibi wa mtaani kwetu hutoa viti vyao nje, wanakaa barazani pembeni ya njia, migongo ukutani, na kuwasema wanaopita. Ndivyo walivyofanya mama zao. Bi Annelies alipowaona mara ya kwanza aliniuliza kama basi huwa linapita pale. Mara ya pili aliniuliza nani amekufa. Mara ya tatu hakuniuliza tena, akaenda kwa Eladio. Eladio akaja amevaa kofia yake, na sheria mkononi, akawasomea wabibi kifungu kizima cha kukusanyika karibu na madirisha. Walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, Bibi Frasquita akamwambia, "Eladio, mwanangu, mimi nilikusafisha makalio kabla hujajua jina lako. Chukua kiti ukae, au chukua njia uende. Lakini usinisimamie mbele, unaniziba upepo."

Eladio alichukua kiti. Nilimwona. Alikaa mpaka wakampa tikiti maji.

Kesho yake asubuhi alikuja kugonga kwangu. Sasa unaona njia ya sheria ilivyo, Mheshimiwa. Imetoka ofisini kwako ina meno yote. Imefika kwa kengele za kanisa, padri akasema zile ni za Mungu. Imefika kwa fataki za mtakatifu wetu, vijana wakasema zile ni za mtakatifu. Imefika kwa gari la mkate linalopiga honi, dereva akasema bila honi hakuna mkate. Imefika kwa wabibi ikapewa tikiti maji. Kila ilipofika ilikuta kelele ina mwenyewe. Basi ikapanda ngazi ya nje, ikamkuta mtu anayekohoa.

8. Kuhusu umiliki. Rejea hapo juu, namba mbili, ambapo nimethibitisha kuwa utulivu wa saa tisa ni mali yetu sisi tunaolala. Kila nyumba iliyouzwa na Curro imeuzwa pamoja na utulivu. Maana yake kila nyumba ina kipande changu ndani yake, sawa na kile chumba cha juu kilichomo ndani ya nyumba ya mzee Cabello. Na desturi ya hapa iko wazi kwamba mwenye kipande ni mwenye nyumba. Kwa hiyo mimi, pamoja na wachuma nyanya, wafua mashuka na wavuvi, ni wamiliki wenza wa kilima chote, kuanzia kanisani mpaka kwenye tangi la maji. Naomba funguo.

Lakini mimi si mtu wa tamaa. Kwa upande wangu niko tayari kuachia villa zote, pamoja na mabwawa ya kuogelea, ambayo ninayajua vizuri na yanavuja. Badala yake naomba mambo haya tu:

Curro apigwe marufuku kumwonyesha mtu nyumba saa tisa. Nyumba zionyeshwe usiku wa sikukuu ya mtakatifu, fataki zikipaa, bendi ikipita, wabibi wakiwa kwenye viti. Atakayesema "naipenda," auziwe palepale.

Kila mnunuzi akikabidhiwa ufunguo akabidhiwe pia jogoo mmoja, na atie saini kwamba amemsikia.

Mwisho, na hili nalisema bila kuzungukazunguka, kuanzia leo mtu yeyote aliyetoka nje asiruhusiwe kununua nyumba, chumba wala banda la kuku hapa Benalhara. Wageni wametosha. Wanapandisha bei, hawajui majirani, wanakuja na mambo ya kwao.

Nilipomaliza kuandika hilo niliona tatizo dogo, kwamba mimi pia nimetoka nje na ninataka kununua chumba. Nimekaa nalo jioni nzima na nimelitatua. Mgeni ni mtu aliyekuja kutafuta utulivu. Aliyekuja kutafuta kazi si mgeni, ni fundi. Naomba tafsiri hiyo iingizwe kwenye sheria.

Sasa nikueleze kuhusu Yamina, maana hapa juu nimemtaja kama mtu anavyotaja mzigo uliobaki stesheni. Yamina ni mke wangu. Anaishi nyumbani kwa mama yangu, kijijini kwetu. Mimi huenda Idi, nakaa mpaka likizo iishe, narudi. Ananijua kama watu wanavyomjua mgeni wa sikukuu, yaani nikiwa nimenyoa. Hajawahi kuniona nikiwa na hasira ya kazi, na mimi sijawahi kumwona akiwa mgonjwa. Kila mara nikienda kupanda boti ya kurudi huku namwambia, "Mwakani utakuja," na yeye hunijibu, "Mwakani, inshallah," kwa sauti ambayo zamani ilikuwa ya matumaini na siku hizi ni ya adabu. Jambo hilo ndilo linalonikosesha usingizi, wala si kelele.

Bibi Frasquita analijua. Waholanzi wamemfuata mara nyingi kwa ajili ya chumba, na dau lao ni kubwa kuliko langu. Aliwajibu mbele yangu, "Chumba hiki baba yangu alinipa mimi. Nilizalia humo. Nataka kilale mtu na mkewe, wagombane, wapatane, wapike. Sitaki mikeka." Kisha akanigeukia, "Na wewe, Mmoro wangu, mlete huyo mwanamke kabla sijafa, maana watoto wangu watakuuzia kwa bei ya bahari." Anayengojewa sasa ni wewe tu, Mheshimiwa, na muhuri wako.

Kwa haya machache naomba ofisi yako iamue kwamba chumba ni makazi, na kwamba binadamu anayeishi ndani yake ana haki ya kuvaa viatu.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na karani mpya. Nisalimie Eladio, sina kinyongo naye, na tikiti maji lile lilikuwa zuri, mimi pia nilipewa. Nisalimie Curro, na umwambie ukuta wa nyumba aliyouza juu ya kanisa utaanguka, sikuujenga mimi. Nisalimie padri, ingawa hatupigi magoti upande mmoja. Bwana Wouter na Bi Annelies nitawasalimia mwenyewe, wako hapa chini, nawasikia wanasikiliza.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na kwa mikono yenye chokaa,

Mimoun Aberkan,
mwashi, na mmiliki mwenza wa kilima.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimpigia simu Yamina nikamsomea barua hii yote kwa lugha yetu, ili ajue kwamba ninampigania. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika mwisho nilingoja anisifu. Akauliza, "Mimoun, ni kweli huko kuna saa ambayo mtu hasikii kitu kabisa?"

Nikamwambia ndiyo, saa tisa, lakini hiyo ndiyo hasa ninayoilalamikia.

Akasema, "Tangu unioe nalala chumba kimoja na mama yako, na mama yako anakoroma. Watoto wa kaka zako wanalia kwa zamu, akinyamaza huyu anapokea yule. Upande wa pili wa ukuta kuna mtu wa kugonga mabati. Sijawahi kulala mchana. Usiku wenyewe nalala vipandevipande. Na wewe umekaa huko umeandika kurasa na kurasa kuwaomba wakuu wa mji warudishe kelele. Uliwahi kuniuliza mimi napenda nini?"

Sikuwahi, Mheshimiwa.

Akasema, "Basi waambie hao Waholanzi wanishikie huo utulivu wao mpaka nifike. Wasiuchezee."

Kwa hiyo naomba uyafute yote yaliyoandikwa hapo juu, kuanzia namba moja, pamoja na jogoo. Sheria ya Utulivu ibaki kama ilivyo, na kama kuna mahali imelegea, ikazwe. Nimeshuka kumwambia Bwana Wouter kwamba sasa tuko upande mmoja. Amefurahi sana, ingawa bado anakitaka chumba. Mimi pia bado nakitaka. Cheti tafadhali, haraka.